Somo la briji: Kufufua mnada ukiwa kiti cha mwisho

Mpinzani wa kushoto amefungua mnada kwa Kopa 1, yaani ahadi ya kushinda mapigo (mizunguko ya karata) saba kopa zikiwa turufu. Mwenzako kapasi, wa kulia naye kapasi. Ukipasi na wewe, mnada umekwisha na wao wanacheza mkataba (ahadi ya mwisho ya mnada) wa ngazi ya chini kabisa bila kusumbuliwa; ukinadi, umeufufua mnada. Hukumu ya kiti hiki si sawa na ya kiti kinachomfuata mfunguaji moja kwa moja, na wanaozichanganya huumia mara mbili: wanapasi palipotaka neno, kisha siku wanaponadi, mwenzao anawapandisha mpaka wanaanguka, yaani wanashindwa kutimiza mkataba.

Hatua ya kwanza: hesabu pointi za meza kabla ya zako

Pakiti nzima ina pointi 40: ree 4, mfalme 3, malkia 2, ghulamu 1. Wa kulia aliyepasi kwa kawaida hafikishi 6. Mfunguaji anaweza kuwa na 12, anaweza kuwa na 20, lakini mikono ya 12 hadi 14 ndiyo huja mara nyingi zaidi. Mpe mfunguaji 14 na mwenzake 4. Zinabaki 22, nazo ni zenu. Ukiwa umeshika 9, mwenzako ana 13 hivi. Mbona basi alipasi? Huenda hakuwa na aina (kopa, shupaza, uru au pau) ndefu ya kunadi, huenda ana kopa nyingi mwenyewe na dabo ya kuomba (inayomtaka mwenzake achague aina nyingine) isingemfaa.

Hatua ya pili: tazama kopa zako

Wengi huiruka hatua hii, nami naiona ndiyo nzito kuliko zote. Ukiwa na kopa moja au mbili, inaelekea mwenzako anazo kadhaa, na pasi yake inaweza kuficha mkono mzuri. Fufua. Ukiwa na kopa tano, mwenzako anazo chache na bado amenyamaza. Angekuwa na nguvu angepiga dabo. Kwa hiyo pointi ziko kwa mfunguaji, na ukisema neno unampa nafasi ya kuhamia mkataba bora. Mkono kama huu ni wa kupasi bila kusita: shupaza moja tu, ya 5, kopa K-J-9-7-4 (mfalme na ghulamu), uru Q-8-6 (malkia), pau J-6-5-2. Waache wahangaike na kopa zao.

Hatua ya tatu: azima mfalme

Jifanye una pointi 3 zaidi ya ulizoshika, kisha nadi kama ungekuwa kiti cha moja kwa moja.

Dabo inatosha kuanzia pointi 8 au 9 ukiwa mfupi kwenye aina yao. Mfano: shupaza K-10-8-4, kopa 6-3, uru A-9-5-2 (ree), pau Q-7-4. Ni pointi 9, na dabo hapa ni sahihi kabisa. Kunadi aina yako kwa ngazi ya kwanza kunaweza kufanywa hata kwa 8, aina ikiwa nzuri. Bila turufu 1 (ahadi ya mapigo saba pasipo aina ya turufu) ni mkono uliotulia, yaani uliogawanyika karibu sawa katika aina zote, wa 11 hadi 14 wenye kizuizi (karata ya kuwakatiza wapinzani) katika kopa. Ukiwa na 15 hadi 17 anza na dabo, kisha nadi bila turufu. Bila turufu 2 moja kwa moja ni mkono mkubwa uliotulia, 18 hadi 20, wala si dalili ya aina mbili ndefu.

Kuruka ngazi pia hubadilika. Kwenye kiti hiki Shupaza 2 si mkono dhaifu, maana hakuna wa kumzibia njia. Ni aina nzuri ya karata sita na pointi 13 hadi 16: shupaza A-Q-J-9-7-4, kopa 8-2, uru A-Q-3, pau 7-5.

Hatua ya nne: mwenzako arudishe mfalme

Mfalme ulioazima ulikuwa wake. Kabla ya kukujibu, naye apunguze pointi 3. Umefufua kwa Shupaza 1. Yeye ana shupaza tatu na pointi 12. Azihesabu kuwa 9 na aseme Shupaza 2, basi. Akizihesabu 12, karata zile zile zimenadiwa mara mbili, na mkianguka atakulaumu wewe uliyenadi kwa haki. Kubalianeni jambo hili kabla ya kukaa mezani.

Hatua ya tano: wakishakubaliana aina

Mnada umeenda Kopa 1, pasi, Kopa 2, pasi, pasi, na sasa ni zamu yako au ya mwenzako. Hapa fufua kwa moyo zaidi. Wakiwa na kopa 8, nyinyi mna 5 tu, na karata zenu 21 zilizobaki ziko katika aina tatu. Ni nadra zigawanyike saba-saba. Kopa 2 ikitimia huwapa alama 110. Mkianguka pigo moja katika Shupaza 2 bila kuwa hatarini (hali ya mchezo inayoongeza adhabu) mnalipa 50, hata mawili ni 100. Mkiwa hatarini mapigo mawili ni 200, hapo punguza ujasiri.

Maswali ya wanachama

Mwalimu, nikiwa na pointi 10 lakini shupaza moja tu?

Tahadhari. Mwenzako hakunadi shupaza, hivyo huenda ziko kwao, nawe ukiufungua mnada watazipata. Mkono wa wastani, pasi.

Shikamoo mwalimu. Mwenzangu alifikiri muda mrefu ndipo akapasi. Naruhusiwa kufufua?

Marahaba. Kama mkono wako wenyewe unadai neno, nadi. Kama pasi nayo ilikuwa na mantiki, Kanuni ya 16 ya briji inakukataza kuchagua kile ambacho kusita kwake kumekudokezea.

Je, wakifungua Shupaza 3 na wote wakapasi, naazima mfalme vilevile?

Kwa kiasi kidogo tu. Baada ya Kopa 1, pasi ya wa kulia inaonyesha udhaifu. Baada ya Shupaza 3 haionyeshi kitu: anaweza kuwa amekaa na pointi 14, anakusubiri akupige dabo ya adhabu (ya kuongeza malipo mkianguka). Dabo yako iwe na nguvu karibu sawa na ya mkono wa kufungua, na shupaza zako ziwe chache.