Shuti moja, fremu tatu: momentamu na impalsi ya mpira

Jumamosi niliwatoa vijana wangu wa twisheni darasani, tukaenda kiwanja cha mchanga kule Raskazone, hapa Tanga. Nilikuwa nimechoka. Kanuni ya momentamu (tungamo la kitu, yaani kilo zake, mara kasi yake) wanaikariri kama dua, lakini ukimuuliza mmoja wao ni kitu gani hasa kinatokea buti linapokutana na mpira, anatazama dari. Basi tukaenda kutazama. Nawaandikia wanachama hatua tulizofuata ili na nyie mjaribu huko mliko, maana vifaa havina gharama: mpira, mzani, na simu inayorekodi fremu 240 (picha moja moja za video) kwa sekunde.

Hatua ya 1: Pima mpira

Muuza mchele alituwekea mpira wetu kwenye mzani wake, huku akilalamika kuwa tunamzuilia wateja: gramu 420. Sheria za soka zinataka mpira namba 5 uwe kati ya gramu 410 na 450 mechi inapoanza, kwa hiyo wetu ni halali. Mzunguko wake sheria hizo zinautaka uwe sentimita 68 hadi 70. Ukigawa kwa 3.14 unapata upana wa sentimita 22 hivi. Ushike upana huo, ndio rula yetu.

Hatua ya 2: Rekodi kutoka ubavuni

Simu ikae juu ya ndoo iliyopinduliwa, usawa wa mpira, na shuti lipite mbele yake kama gari linavyompita mtu aliyesimama kituoni. Ukirekodi kutoka nyuma ya mpigaji hesabu zote zinaharibika. Asishike mtu mkononi. Tulijaribu, tukapata video ya mawingu.

Hatua ya 3: Hesabu fremu

Hapa ndipo utamu ulipo, msiharakishe. Fremu moja ni sekunde 1 gawa kwa 240, yaani sekunde 0.0042. Tuliisogeza video fremu baada ya fremu, vichwa vyote vimebanana juu ya kioo cha simu. Fremu ya kwanza: buti ndiyo kwanza linagusa. Ya pili: mpira umebonyea upande mmoja kama chungwa la Muheza lililokaliwa ndani ya daladala. Ya tatu: umeanza kurudi kwenye duara lake na unaachana na buti. Ya nne: mchanga mweupe upo kati yao.

Kwa hiyo mguu na mpira walikuwa pamoja kwa fremu mbili hadi tatu. Tuseme sekunde 0.01. Mmoja wa vijana akasema, "Mwalimu, ndiyo hiyo tu?" Ndiyo hiyo tu. Kukimbia kote kule, kupanga hatua, kutema mate pembeni, vyote ni kwa ajili ya sehemu moja ya mia ya sekunde.

Baada ya kuachana, mpira ulisogea upana wake mmoja katika fremu 3. Mita 0.22 gawa kwa sekunde 0.0125 ni mita 17.6 kwa sekunde. Hiyo ni kama kilomita 63 kwa saa. Kwa mtoto wa kidato cha tatu, si haba.

Hatua ya 4: Momentamu

Tungamo (gramu 420 ni kilogramu 0.42) mara kasi: 0.42 × 17.6 = 7.4. Kipimo chake ni kilogramu mita kwa sekunde. Tafadhali msiandike "kilomita kwa sekunde". Kila mwaka nakutana na mtoto aliyerusha mpira kutoka Tanga hadi Pangani kwa pumzi chache, kwa sababu tu ya kumeza "gramu".

Mpira ulikuwa umetulia, momentamu yake sifuri. Sasa ni 7.4. Mabadiliko hayo ndiyo impalsi, na impalsi ni kani (msukumo wa buti kwenye mpira) mara muda iliofanya kazi.

Hatua ya 5: Kani

7.4 gawa kwa 0.01 ni nyutoni 740; nyutoni ndicho kipimo cha kani. Uzito wa mfuko mmoja wa saruji wa kilo 50 ni nyutoni 490. Kwa hiyo buti lile liliusukuma mpira kwa kani inayolingana na uzito wa mfuko mmoja na nusu. Ukichukua muda wa fremu 2 kamili unapata karibu 890, ukichukua 3 unapata karibu 590. Simu yetu haina uwezo wa kusema zaidi ya hapo. Na hiyo ni kani ya wastani. Inaanzia sifuri, inapanda mpaka mpira ulipobonyea kabisa, kisha inashuka. Ukiichora kama pembetatu, kilele chake ni mara mbili ya wastani, na eneo lililo chini ya mchoro ndiyo impalsi yenyewe.

Mpira unaokujia

Hapa ndipo alama zinapopotelea. Krosi inakuja kwa mita 10 kwa sekunde, unairudisha ilikotoka kwa mita 17.6. Wengi wanatoa: 17.6 − 10, wanazidisha kwa 0.42, wanapata impalsi ya 3.2. Sivyo. Mguu umefanya kazi mbili: kwanza kuusimamisha mpira, halafu kuurudisha. Uelekeo mmoja ukiwa chanya, mwingine ni hasi, na kutoa hasi ni kujumlisha. 0.42 × 27.6 = 11.6.

Kosa langu mwenyewe

Kwa miaka kadhaa niliwafundisha watoto kwamba ukiufuatisha mguu baada ya kupiga unarefusha muda wa kugusana, hivyo impalsi inaongezeka. Inapendeza kuisikia. Video imeniumbua: mguu ulipofika juu usawa wa kiuno, mpira ulishaondoka zamani. Muda wa kugusana unaamuliwa zaidi na mpira wenyewe, jinsi unavyobonyea na kufumuka. Kufuatisha mguu kuna faida, lakini sababu yake ni nyingine: mtu anayekusudia kuufikisha mguu mbali haupunguzi mwendo kabla ya kugusa. Anayetaka shuti kali aongeze kasi ya mguu na akaze kifundo. Waliosoma kwangu zamani, naombeni radhi.

MASWALI YA WANACHAMA

Golikipa wa Makorora: Shikamoo mwalimu. Kwa nini nikidaka na mikono imekaza vidole vinaniuma, mpira ni ule ule?

Jibu: Marahaba. Impalsi ni ile ile 7.4, huna pa kuikwepa. Ila unaweza kuchagua muda. Mikono ikirudi nyuma sentimita 30 wakati wa kudaka, mpira unatumia kama sekunde 0.034 kusimama, na kani ni nyutoni 217 hivi. Ukiikaza ikarudi sentimita 5 tu, kani inafika nyutoni 1,300. Vidole vyako vimepiga hesabu hiyo kabla yako.

Mama wa wawili, Chumbageni: Wanangu wanacheza chandimu na mpira wa makaratasi na nailoni. Ule unabonyea sana, si utakaa mguuni muda mrefu na kwenda mbali zaidi?

Jibu: Dada, swali zuri kuliko yote ya wiki hii. Muda peke yake hautoshi. Mpira wa makaratasi unabonyea lakini haufumuki. Nguvu inaishia ndani humo kwenye msuguano wa makaratasi. Muda unaongezeka, kani inashuka zaidi, na eneo la chini ya mchoro linapungua. Mpira wa dukani usiojazwa upepo ni hivyo hivyo.

Mgosi wa Duga: Nimerudia video yangu mara kumi. Mpira unaondoka haraka kuliko mguu. Simu mbovu?

Jibu: Simu nzima, mgosi. Kwenye video yetu buti lilikuwa linasogea sentimita 6 kwa fremu kabla ya kugusa, yaani mita 14.4 kwa sekunde, na mpira ukaondoka kwa 17.6. Mguu ni mzito kuliko mpira, na mpira ukifumuka unajisukuma mbele ya buti. Ungekuwa unarudisha kila kitu bila kupoteza, na mguu ukawa mzito mno kuliko mpira, kasi ingekaribia mara mbili. Sasa tazama buti baada ya kugusa: limepungua mwendo mpaka kama sentimita 4 kwa fremu. Ile momentamu ya 7.4 aliyopewa mpira, mguu umekatwa.

Mdau wa Pangani: Ufukweni mashuti yangu hayafiki popote. Ni upepo?

Jibu: Upepo umeonewa. Mguu uliosimamia unazama mchangani, mwili unayumba, mguu wa kupigia unafika ukiwa umepoa. Rekodi shuti moja mchanga mkavu na jingine mchanga uliobanwa na maji, pale maji yanapokupwa, utuletee idadi ya fremu.