Namna ya Kuandaa Wasifu wa Mzee Mchapakazi kwa Ajili ya Mazishi

Katika misiba ya Nyanda za Juu Kusini, iwe Tukuyu, Mbozi, Makambako au Mafinga, wasifu wa marehemu mara nyingi huandikwa usiku wa kuamkia mazishi na mtoto au mpwa aliyekabidhiwa kazi hiyo kwa sababu tu ana kompyuta. Ndiyo maana maandishi hayo hufanana: alizaliwa, alisoma, alioa, aliajiriwa, aliugua, alifariki. Kwa mzee aliyeishi miaka 80 au zaidi, akilima, akijenga na kusomesha watoto, mpangilio huo huacha nje karibu kila kitu alichokuwa akikifanya tangu alfajiri hadi jioni, na hicho ndicho ambacho waombolezaji wangependa kukisikia.

Anza kukusanya habari siku ile ile familia inapokaa kusubiri ndugu wanaosafiri kutoka Dar es Salaam au Zambia. Kaa na mjane kwanza, kwa upole na bila kumharakisha, kisha wadogo zake marehemu, majirani wa shamba na watu waliofanya naye kazi. Usiwaulize alikuwa mtu wa namna gani, kwa sababu kila mmoja atajibu kwamba alikuwa mpole na mpenda watu. Waulize aliamka saa ngapi, alishika zana gani, nani alimfundisha kazi, alilipwa nini, na fedha ya mavuno ya kwanza ilinunua kitu gani. Watani nao wasisahauliwe, maana wana ruhusa ya kimila ya kusema msibani yale ambayo watoto hawawezi kuyasema, na mara nyingi utani wao una ukweli mwingi kuliko hotuba.

Tarehe huleta ubishi. Wazee wengi hawakuwa na cheti cha kuzaliwa, na miaka iliyojazwa katika fomu za ajira mara nyingi ilikisiwa. Tafuta cheti cha ubatizo, na kikikosekana omba daftari la parokia au usharika liangaliwe, ukikumbuka kwamba aliyebatizwa akiwa mtu mzima ana tarehe ya ubatizo isiyofanana na ya kuzaliwa. Baada ya hapo tumia matukio: je, alizaliwa kabla ya Vita Kuu ya Pili, alikuwa anachunga ng'ombe au ameshaoa wakati wa Uhuru mwaka 1961, na nyumba yake ilikuwa wapi wakati wa kuhamia vijijini mwaka 1974? Kama bado kuna shaka, andika kwamba alizaliwa katika miaka ya 1930, jambo ambalo halina aibu yoyote. Majina ya mahali pia yamebadilika, kwani Njombe ilikuwa sehemu ya Mkoa wa Iringa hadi 2012, na Mbozi ilikuwa Mkoa wa Mbeya hadi Songwe ilipoanzishwa mwaka 2016. Taja jina la wakati ule, kisha la sasa.

Sehemu ya kazi ndiyo inayostahili nafasi kubwa, na hapa historia ya eneo letu itakusaidia sana. Mzee aliyetoka Njombe akiwa kijana huenda alikwenda manamba katika mashamba ya mkonge ya Tanga au Morogoro, na wa Rungwe huenda alikwenda Wenela, yaani migodi ya Afrika Kusini, safari ambazo zilikoma muda mfupi baada ya Uhuru. Wengine walijenga reli ya TAZARA kati ya 1970 na 1975. Kusema "alifanya kazi TAZARA" hakutoshi: kama alikuwa kwenye kipande cha Mlimba hadi Makambako, ambako reli inapanda milima kwa madaraja na mahandaki mengi, wajukuu wanapaswa kujua kwamba babu yao alikuwa pale. Vivyo hivyo kwa waliochuma chai Mufindi, waliopanda misonobari Sao Hill, waliolima pareto au kahawa. Eleza alichokifanya yeye, si sifa za kampuni, na usiruke kilimo cha nyumbani kwa kudhani ni jambo la kawaida. Viazi vilivyolimwa kwenye miteremko ya Uporoto ndivyo vilivyolipa ada za watoto wengi wa Mbeya, na mke aliyebaki akipalilia mume alipokuwa safarini anastahili kutajwa katika sentensi hiyo hiyo.

Kuhusu familia, andika orodha ya watoto wote na uipitishe kwa wazee wa ukoo kabla ya kuchapa, wakiwemo waliozaliwa nje ya ndoa na waliotangulia kufariki. Ugomvi mwingi wa msibani huanzia kwenye jina lililosahauliwa, na kipaza sauti si mahali pa kuusuluhisha. Ugonjwa uelezwe kwa kiasi kile tu ambacho mjane na watoto wamekubali. Kwa maoni yangu, tabia ngumu ya mzee isifichwe kabisa: kama alikuwa mkali kwa aliyechelewa shambani, sema hivyo, kwa kuwa wote waliopo wanalijua, na sifa zitakazofuata zitaaminika.

Maandishi yasizidi kurasa mbili za herufi kubwa, yanayosomeka kwa dakika kumi hivi. Msomaji awe mpwa au mjukuu mwenye sauti thabiti, badala ya mtoto wa kwanza ambaye anaweza kushindwa katikati, na asome mara moja kwa sauti mbele ya mtu mmoja ili majina ya vijiji na ya ukoo yatamkwe sawasawa. Rungwe mvua hainyeshi kwa ratiba, kwa hiyo karatasi iwekwe ndani ya mfuko wa plastiki.

Matanga yanapoanuliwa na ndugu wakiwa bado pamoja, usome wasifu tena polepole, kila mmoja akiruhusiwa kusahihisha na kuongeza. Andika marekebisho, andika nyuma ya kila picha ya zamani majina ya waliomo, kisha toa nakala kwa kila nyumba ya watoto wake na moja kwa kanisa au msikiti aliokuwa akisali.