Mambo ya kuzingatia kabla hujaripoti Chuo cha Mafunzo

Askari mpya wa Chuo cha Mafunzo, yaani magereza ya Zanzibar, anayesubiri kupangiwa kituo, iwe Kilimani, Tungamaa au kwengineko, ana muda mfupi wa kujitayarisha kabla ya zamu yake ya kwanza. Autumie vizuri, maana ukishaingia ndani ya lango hakuna nafasi ya kufungua sheria na kuisoma huku watu wawili wameshikana mashati.

Kwanza ijue mipaka ya mamlaka yako. Chuo cha Mafunzo ni idara maalum iliyotajwa katika Katiba ya Zanzibar ya 1984, pamoja na JKU (Jeshi la Kujenga Uchumi) na KMKM (Kikosi Maalum cha Kuzuia Magendo), na kina sheria yake. Omba nakala ya sheria hiyo na ya maagizo ya kituo, uzisome tukio halijatokea. Soma pia Kanuni za Nelson Mandela za namna ya kuwatendea wafungwa, zilizopitishwa na Umoja wa Mataifa Disemba 2015. Kanuni ya 82 inamruhusu askari kutumia nguvu anapojihami, anapozuia mtu kutoroka, au anapokabili ukaidi wa kimwili dhidi ya amri halali. Hata hapo asizidishe kuliko inavyolazimu, na amwarifu mkuu wa kituo papo hapo. Kanuni hiyo hiyo inataka askari afundishwe namna ya kumdhibiti mtu mkorofi. Kama mafunzo hayo hukuyapata sawasawa, sema mapema. Anayeona haya kusema hajui kumshika mtu bila ya kumuumiza, ipo siku atamuumiza. Na jua hili: kumtenga mtu peke yake saa 22 au zaidi kwa siku, kwa zaidi ya siku 15 mfululizo, ni marufuku katika kanuni hizo, awe kafanya nini.

Sasa nije kwenye jambo ambalo kwetu lina uzito kuliko yote: udugu. Visiwa hivi ni vidogo. Ukipangiwa Pemba nawe ni mtu wa Wete au Micheweni, haitopita muda utamkuta ndani mtoto wa ami yako, au mtu mliyekaa dawati moja skuli, au jirani wa shehia yako. Siku hiyo hiyo mwambie mkuu wa zamu kwamba fulani ni jamaa yangu, na taarifa hiyo iandikwe. Kufanya hivyo si kumkana ndugu. Ukinyamaza, kila utakalomtendea, la kheri au la shari, litatiliwa shaka, na wenzake ndani watajua kabla ya wakuu wako.

Kisha yatakuja maombi, na hayaji makubwa. Itaanza salamu kwa mama, ifuate vocha, halafu kifurushi kidogo ambacho utaambiwa ni sigara tu. Aliyepokea kifurushi mara moja hana tena uwezo wa kukataa cha pili, kwa sababu mwanafunzi (ndivyo mfungwa anavyoitwa kwetu) sasa anayo siri ya askari. Amua jibu lako ungali nje na ulizoee mdomoni: "Ndugu yangu, hilo siliwezi. Mama atakuja mwenyewe siku ya kutazamana." Ahli zake nao watakufuata nyumbani, barazani, hata harusini. Waeleze watu wa nyumbani kwako mapema kwamba wasipokee chochote kwa niaba yako. Naliweka wazi kwa sababu vijana wengi wazuri huharibikiwa kwa kuona muhali, wala si kwa tamaa.

Udugu huo huo una faida yake. Askari anayewaita watu kwa majina, anayejibu salamu, anayetimiza alilosema, huambiwa mambo mapema. Ghasia aghalabu hutanguliwa na dalili: waliokuwa wakila pamoja wamegawanyika, mtu wa maneno mengi kanyamaza, mwengine anaomba kuhamishwa chumba na hataki kutaja sababu. Hayo huyaona mwenye kuzungumza nao kila siku. Aliyesimama mbali na fimbo hayaoni.

Afya ianze wiki kadhaa kabla. Chanjo ya homa ya ini aina ya B kwa kawaida huchomwa mara tatu ndani ya miezi sita. Katika upekuzi usitie mkono pahala usipopaona: vaa glavu, na mwache mwenyewe aigeuze mifuko yake. Ukichomwa na sindano, osha kwa maji na sabuni bila ya kukamua, kisha nenda hospitali saa hiyo hiyo. Dawa za kinga ya VVU lazima zianzwe ndani ya saa 72, na mapema zaidi ndiyo bora, nazo hutumiwa siku 28. Mwanafunzi anayekohoa wiki mbili akapimwe kifua kikuu.

Na lipo suala la unga. Mtumiaji wa heroini anayeingia leo, arosto (maumivu ya kukosa unga) humuanza ndani ya siku ya kwanza au ya pili: anatapika, anaharisha, anatoka jasho, mwili wote unamuuma. Ukidhani anajifanya, utamwadhibu mgonjwa. Huduma ya methadoni, dawa ya kuwatibu watumiaji wa heroini, ipo hospitali ya Kidongo Chekundu mjini Unguja tangu 2015, kwa hiyo uliza kituo chako kina utaratibu gani. Mlevi wa pombe wa miaka mingi anayetetemeka na kuweweseka aitiwe dakta haraka, kwani kuacha ghafla kunaweza kumuua.

Kwa upande wa wanawake, asimamiaye na kupekua awe askari mwanamke, na mwanamume asiingie huko ila kwa kufuatana naye.

Fikiria giza pia. Unguja ilikosa umeme takriban miezi mitatu kuanzia Disemba 2009. Jua tochi iko wapi, nani anawasha jenereta, funguo za akiba anazo nani, na moto ukizuka usiku kila chumba kinafunguliwa na nani. Zoezi la moto lililofanywa mchana peke yake halitoshi. Ramadhani uliza hesabu ya watu inafanywa saa ngapi, isije ikagongana na futari wakati askari nao wana njaa. Na usitie saini daftari la zamu kabla ya kuhesabu mwenyewe watu na funguo, mbele ya unayempokea. Hesabu ikikataa, asiondoke mtu.

Mwisho, zipo zamu zitakazokuumiza: mtu kajitia kitanzi, au mwenzako kajeruhiwa. Andika ripoti siku hiyo hiyo, uliyoyaona kwa macho yako tu, kisha ukubali kuzungumza na mtu. Wakuu wa vituo nao wana wajibu hapa. Askari aliyemteremsha maiti alfajiri asipangwe zamu ya usiku ule ule.