Kulinganisha Jurassic Park ya Kitabuni na ya Kwenye Filamu

Nafundisha fasihi kidato cha tano na cha sita, na swali la kulinganisha riwaya na filamu yake halinipiti mwaka hata mmoja. Majibu huja yamefanana. Jedwali la safu mbili, kushoto "kitabuni", kulia "kwenye filamu", tofauti ishirini na kitu zimepangwa kama majina kwenye daftari la mahudhurio, halafu hitimisho: kitabu ni bora. Kwa nini ni bora? "Kina mambo mengi, mwalimu."

Hilo la mambo mengi halina ubishi, wala halihitaji insha. Skripti ya filamu hukadiriwa ukurasa mmoja kwa kila dakika ya kutazama. Jurassic Park aliyoiongoza Steven Spielberg mwaka 1993 ina dakika 127, na riwaya ya Michael Crichton iliyotoka mwaka 1990 ina kurasa zinazokaribia mia nne. Lazima vitu vitupwe. Mimi huwauliza wanafunzi jambo jingine: kilichotupwa kilikuwa kinafanya kazi gani kwenye hadithi, na kazi hiyo filamu imempa nani? Natumia kitabu hiki kwa sababu nakijua vizuri, lakini hatua ni zilezile hata kwa riwaya nyingine ya kisayansi.

Soma kitabu kwanza, chote. Kama filamu umeshaiona (na wengi tumeiona), usiirudie mpaka umalize kusoma. Tafuta kaunta buku, si karatasi za kuokoteza, na usiandike muhtasari wa sura. Kila hadithi inapogeuka, andika mstari mmoja tu: nani amejua kitu gani ambacho muda mfupi uliopita hakukijua. Chini yake acha nafasi ya vidole vitatu. Filamu itakaa hapo.

Halafu itazame mara mbili. Ya kwanza moja kwa moja, bila kalamu. Ya pili ukiisimamisha na kuandika dakika. Tafuta yenye sauti yake asilia. Zile zilizotiwa maneno ya Kiswahili za vibanda umiza nazipenda sana, nimekulia humo, ila msimulizi huongeza visa na vichekesho vyake mwenyewe, na ukiitumia hiyo utakuwa unalinganisha kazi tatu badala ya mbili.

Sasa tufanye kazi yenyewe. Chukua pale inapogunduliwa kwamba dinosaria wanazaana. Hifadhi ya kitalii, yenye dinosaria waliofufuliwa kwa DNA, iko Isla Nublar, kisiwa cha kubuni karibu na Costa Rica, na wenye mradi wamehakikisha wanyama wote ni majike. Kitabuni, kompyuta inawahesabu wanyama kwa kamera na vihisio vilivyotapakaa kisiwa kizima. Wanaotarajiwa ni 238, na kila ikihesabu inaleta 238. Mambo shwari. Kisha Ian Malcolm, mwanahisabati, anaomba kitu kidogo sana: iambieni itafute 239. Inaleta 239. Haya, itafute 300. Inaleta 292. Velociraptor, wale dinosaria wawindaji hatari, waliopaswa kuwa 8 kumbe ni 37! Programu iliandikwa na watu waliohofia jambo moja tu, wanyama kupungua kwa kufa au kutoroka. Ikishafikisha idadi iliyotajiwa, inaacha kuhesabu.

Kwenye filamu hesabu hiyo hutaiona. Badala yake Alan Grant, mtaalamu wa visukuku, anatembea na watoto wawili asubuhi baada ya usiku wa balaa, anakuta maganda ya mayai yaliyoanguliwa na nyayo ndogo zikielekea vichakani. Anakumbuka kwamba mapengo ya DNA ya dinosaria yalizibwa kwa DNA ya chura, na wako vyura wanaobadili jinsia.

Kwenye jedwali la safu mbili ungeandika: "kitabuni kompyuta, filamuni mayai." Basi, umemaliza. Ukiuliza habari ya kazi, unaona tukio la kitabuni lilikuwa na kazi mbili. Ya kwanza ni kutujulisha kwamba wanazaana, na hiyo imehamia kwenye mayai bila kupoteza chochote. Pengine imenufaika, maana jedwali la namba linasisimua kwenye ukurasa lakini kwenye skrini lingetupigisha miayo, wakati ganda la yai mkononi mwa Grant analielewa hata mtoto wa chekechea. Kazi ya pili ni kutuonyesha chombo kizuri kikijibu kwa usahihi swali bovu. Hiyo filamu imemwachia Malcolm aiseme kwa mdomo, pale mezani wanapokula. Anaisema vizuri, ila hotuba hainishtui kama 238 inavyogeuka 292 mbele ya macho yangu.

Usiishie hapo. Fuata uone badiliko hilo limevuta nini kingine. Kitabuni hifadhi imeshashindwa kabla Dennis Nedry, yule mtaalamu wa kompyuta mwizi, hajagusa kitufe. Kurasa za mwanzo tu msichana mdogo anaumwa na mnyama wa ajabu ufukweni Costa Rica, bara, nje kabisa ya kisiwa. Kwenye filamu tatizo kubwa linaanza Nedry anapozima uzio ili aibe viini tete, huku kimbunga kinakuja. Kwa hiyo ukiuliza kosa ni la nani, filamu inakuonyesha mwizi na hali ya hewa, na kitabu kinakuonyesha mpango wenyewe. Sentensi hiyo moja ina uzito kuliko tofauti zako ishirini, na imetokana na maganda ya mayai.

Kwa wahusika fanya vilevile, lakini angalia hatima zao kwanza. John Hammond, tajiri mwenye hifadhi, kitabuni ni mfanyabiashara asiyejutia kitu. Bado anapanga kujenga hifadhi nyingine pale anaposhtushwa na mngurumo wa T. rex, dinosaria mkubwa mla nyama, ambao wajukuu zake wenyewe wameupiga kwenye vipaza sauti. Anaanguka, anaumia mguu, na vidinosaria vidogo vinammaliza. Kwenye filamu Richard Attenborough anamcheza kama babu mpole; anakula aiskrimu inayoyeyuka gizani na kusimulia maonyesho yake ya viroboto ya zamani, kisha anaondoka salama kisiwani, amekubali kwamba hifadhi haifai. Mtu aliyeadhibiwa amegeuzwa mtu aliyejifunza. Na kwa kuwa lazima mtu wa pesa aadhibiwe, mwanasheria Gennaro, ambaye kitabuni anapona, ndiye anayenyakuliwa chooni. Zaidi ya hayo amebebeshwa uoga wa Ed Regis, afisa uhusiano aliyewakimbia watoto kitabuni na ambaye filamu imemfuta kabisa. Hivi ndivyo filamu inavyobana matumizi: wahusika wawili wanaingia kwenye suruali moja. Watoto nao wamebadilishana, kitabuni Tim ndiye mkubwa na ndiye anayeijua kompyuta, filamuni ni Lex.

Robert Muldoon, msimamizi wa wanyama wa hifadhi, nawaachia wanafunzi wangu kama zoezi, kwa sababu anatoka kwa jirani zetu Kenya, ambako alikuwa akiwaongoza wawindaji wa wanyama wakubwa. Kitabuni anapona. Filamuni anafia kichakani, bunduki kaielekeza kwa velociraptor mmoja huku mwingine akimtokea ubavuni. Kabla hujaandika kwamba "filamu imemuua ili kuongeza msisimko", rudi dakika za mwanzo, kule jangwani, Grant anapomtisha mvulana mmoja kwa kumweleza jinsi mnyama huyu anavyowinda: wa mbele anakutazama, wa pembeni ndiye anayekuvamia. Kifo cha Muldoon kinatimiza maelezo hayo neno kwa neno. (Na magari, kwa wanaopenda: kitabuni watalii wanapanda Toyota Land Cruiser, filamuni ni Ford Explorer. Huku kwetu tungebaki na kitabu.)

Tenga pia kurasa mbili za mambo ambayo filamu inayafanya na kitabu hakiwezi. Mfano wangu ni maji kwenye vikombe juu ya dashibodi, yanayotikisika kwa miduara kabla T. rex hajaonekana. Mafundi waliyapata kwa kufunga uzi wa gitaa chini ya dashibodi na kuuchezesha. Hakuna neno linalosemwa, hakuna mnyama, na bado chumba kizima kinanyamaza. Kati ya zile dakika 127, dinosaria wanaonekana kwa takriban dakika 15 tu. Anayesema filamu hiyo ni ya mazimwi tangu mwanzo hadi mwisho hakuitazama akiwa na saa.

Tahadhari mbili. Usikimbilie kuandika kwamba Spielberg alimsaliti mwandishi. Crichton mwenyewe aliandika skripti pamoja na David Koepp, na yeye ndiye aliyeongoza Westworld mwaka 1973, filamu nyingine ya bustani ya starehe ambayo mitambo yake inageuka. Pia usiandike "tukio hili liliondolewa" kabla ya kuangalia filamu zilizofuata. Msichana anayeumwa ufukweni anaibuka kwenye The Lost World ya mwaka 1997, na tundu kubwa la reptilia warukao limetumika kwenye Jurassic Park III ya mwaka 2001.

Mwisho kabisa linganisha kurasa za mwisho na dakika za mwisho, ukizisoma na kuzitazama siku hiyohiyo. Kitabuni jeshi la Costa Rica linakilipua kisiwa kwa mabomu, walionusurika wanazuiliwa hotelini, na Grant anaambiwa kwamba kuna wanyama wasiojulikana wanaokula mazao na kuelekea misituni. Filamuni helikopta inaruka jua likizama, watoto wamemlalia Grant, naye anawatazama mwari wakipaa juu ya bahari. Kitabu kinakuacha na mlango ulio wazi, filamu inakuacha na familia. Ukikaa vizuri na miisho hiyo miwili utaona inakubaliana na ulichokipata kwenye mayai na kwa Hammond. Isipokubaliana, afadhali zaidi, una hoja mpya.

Unapoandika, anza na hoja yako moja, kisha leta matukio matatu au manne tu ya kuithibitisha. Mengine yabaki kwenye kaunta buku. Usinukuu kwa namba ya ukurasa peke yake, kwa sababu matoleo ya kitabu hiki yanatofautiana kurasa. Taja kichwa cha sura na sehemu, maana Crichton ameigawa riwaya katika sehemu saba. Kwa filamu taja saa na dakika, na ueleze kabisa ni nakala ipi uliyoitazama.