Kuchanganya miti kwa shamba la blugamu pekee: vile mi hufanya huku Kakamega

Kama uko na nusu eka ama eka nzima ya blugamu (mikaratusi) tupu, hii ni yako. Nilikata zangu, machipukizi yakatoka, alafu majani yakafura vinundu kwa mshipa wa katikati na matawi yakajikunja. Ni kale kanyigu kadogo kanakotaga mayai ndani ya jani, kalionekana huku magharibi mwaka wa 2002. Na saiprasi nazo zilivamiwa na vidukari tangu 1990, wazee wanakumbuka. Shamba likiwa la mti mmoja, ugonjwa ukiingia unatembea safu kwa safu bila kizuizi.

Hatua ya 1: Usikate zote. Anza na robo, ile iko karibu na mto, zingine ziendelee kukupa fito na kuni. Visiki vya ile robo vunja machipukizi kila yakitoka, ukizembea yatafunika miche.

Hatua ya 2: Chagua miti ya ukoo tofauti. Blugamu ya aina ingine haisaidii sana, kanyigu kanashambulia aina nyingi. Mi napanda lusiola (Waluo wanaita siala, kisayansi Markhamia lutea), musutsu (Croton macrostachyus), mutere (Maesopsis eminii), mwiritsa (Prunus africana) na grevilia.

Hatua ya 3: Mbegu. Hapa ndio wengi hupotea. Mwiritsa haingoji, nguvu ya mbegu inaisha haraka, kwa hivyo okota matunda yakiiva, toa nyama, anika kivulini kidogo na usie wiki hiyo hiyo. Lusiola mbegu yake ina mabawa, chuma maganda yakianza kuwa kahawia kabla hayajapasuka, la sivyo upepo umebeba. Usipopata mama mti mzuri karibu, KEFRI (taasisi ya utafiti wa misitu Kenya) wanauza mbegu, na wako na kituo Maseno. Chuma kwa miti kadhaa iliyo mbali mbali, tafadhali, mbegu za mti mmoja zote ni ndugu.

Hatua ya 4: Mita 3 kwa 3, eka inaingia kama miche 450. Usipishanishe mmoja mmoja, grevilia na mutere zinakimbia zitabana wenzao. Panda vikundi vya 9 hivi vya aina moja, kando yake kikundi cha aina ingine.

Hatua ya 5: Mvua ya Machi ikishika vizuri panda, palilia miaka miwili ya kwanza, ng'ombe wasiingie.

Mche ukikufa andika ni upi na ulikuwa wapi, mvua ikirudi ziba hilo pengo na aina tofauti na ile iliyokufa hapo.