Swali la msawazo: hesabu gesi kwanza
Watahiniwa wa KCSE hapa Nairobi, swali likiuliza athari ya shinikizo kwenye msawazo wa kemikali (hali ambapo mmenyuko wa kwenda mbele na wa kurudi nyuma huenda kwa kasi sawa), hesabuni moli (kipimo cha idadi ya chembe) za gesi pande zote mbili za mlinganyo kabla ya kuandika lolote. Naitrojeni moja na haidrojeni tatu hutoa amonia mbili, yaani nne kwa mbili. Shinikizo likipanda, msawazo huelekea upande wenye moli chache za gesi, yaani wa amonia. Moli zikilingana, hausogei.

Joto lihesabuni kama zao mojawapo, maana mmenyuko huu hutoa joto: ukipashwa moto, hurudi nyuma na amonia hupungua. Viwanda hutumia takriban nyuzi 450 za Selsiasi kwa sababu kwenye baridi amonia ingekuwa nyingi, ila mmenyuko ungejikokota mno. Kichocheo cha chuma huharakisha mmenyuko wa kwenda mbele na wa kurudi nyuma sawasawa, kwa hiyo tafadhali msiandike kwamba kinasogeza msawazo.