Namna ya Kuzifaidi Albamu za Bob Dylan Zenye Sauti Mbovu

Bob Dylan alitunukiwa Nobel ya Fasihi mwaka 2016, na bado baadhi ya albamu zake zinasikika kana kwamba zilirekodiwa na watu waliokuwa wakiwahi basi la mwisho. Kwa kiasi fulani chanzo ni yeye mwenyewe, kwa sababu hajawahi kupenda kurudiarudia wimbo studioni. Hutaka bendi iunase ungali wa moto, na anayesimamia mitambo ajijue. John Hammond, aliyesimamia albamu yake ya kwanza iliyotoka mwaka 1962, alilalamika kwamba kijana huyo alikuwa akipasua kila herufi ya "p" mbele ya maikrofoni, akifyonza kila "s", na kusogea mbali na maikrofoni wakati wowote alipojisikia. Maelezo yafuatayo yanamhusu msikilizaji anayeyapenda mashairi yake na muziki wake wa jadi ya Marekani uliochanganywa na roki, lakini ambaye kila akiiweka albamu fulani huizima baada ya nyimbo tatu kwa kuchoka masikio.

Kabla ya kugusa kitufe chochote, ni lazima ujue sauti iliharibikia wapi. Inaweza kuwa iliharibika chumbani siku ya kurekodi, au wakati wa kuchanganya sauti za ala na mwimbaji, au katika hatua ya mwisho ya kuiandaa kwa ajili ya kuuzwa, au katika nakala uliyonayo na kifaa unachotumia. Hiyo ya mwisho ndiyo inayosahauliwa kuliko zote. Mimi nilimlaumu Dylan kwa miaka kadhaa kutokana na mafaili yaliyokuwa yamenakiliwa kutoka simu hadi simu, yamebanwa na kubanwa tena mpaka harmonika, kile kinanda cha mdomoni, ikawa inalia kama nzi aliyenaswa kwenye chupa. Kipimo rahisi ni albamu ya John Wesley Harding ya mwaka 1967, iliyorekodiwa Nashville, ambayo katika sehemu kubwa haina zaidi ya sauti yake, gitaa, harmonika, besi na ngoma. Ukiicheza kwenye kifaa chako na usiweze kuifuata besi ya Charlie McCoy noti baada ya noti, basi tatizo liko kwako, na hakuna sababu ya kuendelea na hatua zinazofuata kabla ya kupata nakala bora au spika nyingine.

Ikiwa kifaa kimefaulu mtihani huo, hatua inayofuata ni kuchagua toleo, kwa kuwa albamu moja ya Dylan inaweza kuwa na sura mbili au tatu zinazotofautiana sana. Mfano ulio wazi ni Street-Legal ya mwaka 1978. Dylan alikuwa na bendi kubwa, yenye saksafoni na wanawake watatu wa kuitikia, akairekodi kwa siku chache katika ukumbi wake wa mazoezi huko Santa Monica, California, kwa kutumia mitambo iliyoletwa na gari. Matokeo yake ni kwamba ngoma zinasikika kama zinapigwa chumba cha pili na sauti ya mwimbaji imefunikwa blanketi. Mwaka 1999 mtayarishaji wake, Don DeVito, alizirudia kanda za awali na kuichanganya upya, na hapo ndipo wengi wetu tulipogundua kwamba ndani ya lile tope kulikuwa na bendi nzuri. Kwa hiyo usinunue nakala kwa kuvutiwa na bei tu: tazama nyuma ya jalada kama mwaka 1999 umetajwa.

Kwa albamu za miaka ya sitini shauri langu ni mono, yaani sauti zote zikipita njia moja badala ya mbili za stirio. Wakati huo wasikilizaji wengi walikuwa na spika moja, na mchanganyiko wa mono ndio uliopewa uzito, ilhali ule wa stirio mara nyingi ulitenga ala kushoto na kulia kwa namna inayomfanya mtu mwenye hedifoni ahisi kama amekaa katikati ya watu wasioongea. Mwaka 2010 albamu nane za mwanzo, kuanzia ile ya 1962 hadi John Wesley Harding, zilitolewa upya zikiwa katika mono yake ya asili. Asiyeweza kuzipata anaweza kuwasha sauti ya mono katika sehemu ya ufikivu (Accessibility) kwenye mipangilio ya simu yake. Haitakuwa sawa na mchanganyiko wenyewe wa mono, lakini itarudisha gitaa na mwimbaji mahali pamoja.

Mtihani mkubwa ni rekodi ziitwazo The Basement Tapes, na hapa inafaa kutulia kidogo. Baada ya ajali yake ya pikipiki ya Julai 1966, Dylan alijitenga karibu na Woodstock, jimbo la New York, na mwaka 1967 akawa anapiga muziki na vijana waliokuja kuitwa The Band, kwanza nyumbani kwake na baadaye katika nyumba yao ya rangi ya waridi kule West Saugerties. Chumba kilikuwa cha chini ya nyumba, chenye kuta za saruji na tanuru la chuma la kupashia nyumba joto, yaani mahali ambapo fundi yeyote wa sauti angekataa kufungua hata sanduku lake. Mpiga kinanda, Garth Hudson, ndiye aliyeshughulikia kinasa sauti cha kanda huku mwenyewe akipiga. Nyimbo nyingi hazikukusudiwa kuuzwa kwa umma. Zilikuwa rasimu ambazo wanamuziki wengine wangeweza kuzichukua na kuziimba. Zilivuja hata hivyo, na zilipotolewa rasmi mwaka 1975 kama albamu ya nyimbo 24, nane kati yake zikiwa za The Band bila Dylan, baadhi zilikuwa zimeongezewa ala na sauti zikakusanywa katika mono.

Mwaka 2014 lilitoka toleo la sidii sita lenye nyimbo zaidi ya 130, likiwa karibu kadiri ilivyowezekana na kanda zilivyokuwa, pamoja na dondoo lake la sidii mbili. Anza na hizo mbili. Weka spika, si hedifoni, kwa sababu hedifoni zinakusukumia mvumo wa kanda moja kwa moja kichwani, ilhali spika inauacha upotee hewani pamoja na kelele za feni na za jirani. Kaa umbali wa hatua tatu hivi na uongeze sauti polepole mpaka Dylan awe na ukubwa wa mtu anayeimba chumbani mwako, kisha usiguse tena. Kwa dakika mbili za mwanzo utausikia mvumo. Baada ya hapo utasikia mtu akikohoa, gitaa likitafuta kordi, mwingine akicheka katikati ya ubeti, na sikio litaacha kuuhesabu mvumo huo lenyewe.

Penye haja ya ikwalaiza, yaani kirekebishi cha sauti nzito na nyembamba, kanuni yangu ni kupunguza kabla ya kuongeza. Kwanza zima kitufe cha kukuza besi, ambacho spika nyingi ndogo za siku hizi huja kikiwa kimewashwa. Sauti ikiwa nzito na ya kufunika, shusha eneo la hezi (kipimo cha uzito au wembamba wa sauti) 200 hadi 400 kwa desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) mbili au tatu. Maneno yakiwa bado hayatoki, pandisha hezi 2,000 hadi 4,000 kwa desibeli moja tu, kwa sababu sauti ya puani ya Dylan inakaa jirani na hapo na ukizidisha itakuchoma. Mvumo wa kanda husikika zaidi juu ya hezi 5,000, lakini usikimbilie kulikata eneo hilo: pumzi ya harmonika na ncha za matoazi vinaishi humo humo, na ukiufukuza mvumo wote utabaki na muziki uliozimia.

Albamu za baadaye zina ugonjwa mwingine. Modern Times ya mwaka 2006, na hasa Together Through Life ya mwaka 2009, zilirekodiwa na wanamuziki hodari kabisa, lakini katika hatua ya mwisho sauti zilibanwa ili kila kitu kiwe juu wakati wote, mtindo ulioenea sana miaka hiyo. Ikwalaiza haitasaidia hapa, kwa kuwa tofauti kati ya pigo dogo na kubwa imeshafutwa. Punguza sauti kuliko unavyotamani na usikilize nusu ya albamu kwa wakati mmoja.

Uwe mwangalifu pia usiite kosa jambo lililokusudiwa. Ukungu uliotanda katika Time Out of Mind ya mwaka 1997 ni kazi ya makusudi ya mtayarishaji Daniel Lanois. Mwaka 2023 ulitoka mchanganyiko mpya uliofanywa na Michael Brauer, ambao unamleta Dylan mbele na kuusogeza ukungu pembeni. Mimi nausikiliza huo mpya nikitaka kufuata maneno, na ule wa zamani usiku, maana bila ukungu nyimbo zile za uchovu zinapoteza giza lao. Hard Rain ya mwaka 1976 ni jambo jingine, kwani sehemu yake ilirekodiwa uwanjani Fort Collins, Colorado, katika mvua iliyolowesha ala na kuzitoa kwenye tyuni: hakuna toleo litakalozikausha gitaa hizo. Kinachofaa ni kufungua maneno ya nyimbo katika tovuti rasmi ya Dylan na kuyafuata kwa macho mara ya kwanza, kwani sikio lenye neno mkononi husikia hata lililomezwa, na mara ya pili kuyaacha.

Ukishazoea, rudi kwenye ile seti ya 2014 uimalize. Sidii ya sita iache iwe ya mwisho kabisa, kwa kuwa waandaaji walikusanya humo rekodi zilizochakaa kuliko zote: sauti inayoyumba, ala zinazogongana, nyimbo zinazokatika. Iweke usiku, feni ikiwa imezimwa, siku ambayo nyumbani hakuna wa kukuuliza redio imeharibika nini.